Mdudu mwenye koleo mkiani: kwenu mnamwitaje? Na ni kweli anaingia sikioni?

#1 Mwana_Igawilo

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Igawilo hapa Mbeya, mvua imekolea na mahindi yamefika magotini. Jumamosi nilikuwa nasafisha migomba nyuma ya nyumba, mwanangu wa miaka sita ananisaidia kuburuza majani makavu. Mdudu akamdondokea shingoni: mwembamba, kahawia inayokaribia weusi, urefu kama pingili moja ya kidole, na mkiani ana kitu kama koleo la mfua vyuma. Nikampangusa, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Mama mkwe wangu yupo kwetu, amekuja kututembelea kutoka Kyela. Aliona akiwa mlangoni, akapiga yowe: "Mzibe masikio! Mzibe masikio huyo mtoto!" Baadaye akatueleza kwamba mdudu huyo humwingia mtu sikioni akiwa amelala, anakata ngoma ya sikio kwa ule mkasi wake, kisha anakwenda kutaga kwenye ubongo. Tangu usiku ule mtoto analala na pamba masikioni na kofia ya sufu juu yake, na taa hairuhusiwi kuzimwa.

Nina maswali mawili. Kwanza, mdudu huyu ni nani? Mama mkwe anamwita mdudu sikio, mke wangu anasema ni jamii ya tandu, jirani kaapa kwamba ni mtoto wa nge. Mimi tangu utoto sikuwahi kumpa jina, nilikuwa namkanyaga tu na kuendelea na safari. Pili, hayo ya ubongo yana ukweli?

#2 Kijana_wa_Mwanjelwa

Uzi bila picha ni ugali bila mboga. Weka picha, mkuu.

#3 Mama_Kihesa

Kamwene wote. Sisi Iringa utotoni tulimwita mdudu mkasi. Tukimkuta chini ya jiwe tunampa jani la nyasi aling'ate, anayelipata jani limekatika ndiye mshindi. Halikukatika hata siku moja. Ule mkasi unabana tu, tena unabana kama kidole cha mtoto mchanga. Huyo wa kukata ngoma ya sikio labda ni wa Kyela peke yake, sisi wa kwetu walikuwa hawana nguvu hizo.

#4 Mwana_Igawilo

Nimecheka dada, lakini naomba nisimpelekee mama mkwe jibu hilo.

Kijana, picha nitaweka. Kwanza nimpate tena.

#5 KahawaMbozi

Mimi sina la kucheka. Mdudu huyu ni adui. Msimu uliopita nilikuwa na ekari mbili za mahindi huku Mbozi, nikaona majani yametobokatoboka. Nikafungua moyo wa mhindi, nikamkuta humo ndani amejikunja kwenye uchafu unaofanana na unga wa mbao. Mhindi wa pili, yumo. Wa tatu, yumo. Nikanunua dawa, nikapiga shamba zima. Mwaka huu nimemwona tena, na dawa ipo stoo inamsubiri.

#6 Nesi_Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nijibu lile la sikio, maana nimefanya kazi ya uuguzi miaka ishirini na saba, mingi kati ya hiyo nikiwa wilaya ya Rungwe.

Wadudu masikioni tumewatoa wengi. Aliyeongoza ni mende, wale wadogo wa jikoni. Nondo wapo, sisimizi wapo, na kupe kwa watoto wachungaji. Huyu wa koleo sikumtoa hata mmoja. Sisemi hawezi kuingia, kwa sababu mdudu yeyote mdogo anayependa penye giza na pembamba anaweza kupotea njia akaingia sikioni. Ila yeye makao yake ni chini ya magome, mawe na majani yaliyooza, kwenye unyevu. Sikio lina nta yenye uchungu na halina chakula chake.

La ubongo lifuteni kabisa. Njia ya sikio inaishia kwenye ngoma, na nyuma ya ngoma kuna sikio la kati, kisha mfupa. Mdudu hana njia ya kufika kwenye ubongo wala hatagi humo. Anachoweza kufanya ni kukwaruza na kupiga kelele, na kelele ya mdudu aliye karibu na ngoma ya sikio inamtia mtu mzima wazimu, sembuse mtoto.

Akiingia mdudu yeyote, msichokonoe. Njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba, pini ya nywele, hivyo ndivyo vinavyotoboa ngoma, halafu anasingiziwa mdudu. Mlaze mtoto ubavu, sikio lenye mdudu liangalie juu, umimine matone ya mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mdudu atakufa, mara nyingine ataelea. Lakini kama mtoto sikio lake hutoa usaha, au mliwahi kuambiwa ngoma yake imetoboka, msiweke chochote, mpelekeni kituo cha afya. Na hata mdudu akifa, kama hajatoka nendeni akatolewe, asiozee humo.

Kuhusu tochi: watu humulika sikio ili mdudu aufuate mwanga. Nondo huufuata. Mende huukimbia, kwa hiyo unamsukuma ndani zaidi.

#7 Mwana_Igawilo

Bibi, shikamoo na asante sana. Hili nalisoma kwa sauti mezani leo.

#8 Nesi_Mstaafu

Marahaba baba. Hiyo pamba mtoe, kabla haijabaki kipande ndani tukaanza kutafuta kingine cha kutoa.

#9 Mnyalukolo_Ughaibuni

Naomba niingie hapa, kwa sababu nasoma Ujerumani na mdudu huyu nimekutana naye kwa jina kabla ya kumwona. Huku wanamwita Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikio. Neno hilohilo wanalitumia kwa wimbo unaokung'ang'ania kichwani siku nzima mpaka unajichukia. Siku ya kwanza mwenzangu wa chumba aliposema ana Ohrwurm nilitaka kumpeleka hospitali.

Kwa hiyo mama mkwe wa mleta uzi hayuko peke yake. Waingereza wanamwita earwig, jina lililotokana na Kiingereza cha kale zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na maana yake ni mdudu wa sikio. Wafaransa wanamwita perce-oreille, mtoboa sikio. Warusi wanamwita ukhovertka, naye pia kabeba sikio ndani ya jina. Waturuki wanasema kulağakaçan, mkimbilia sikioni. Mwaka 1758 Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina ya kitaalamu ya viumbe, alipompa yule wa Ulaya jina lake, akaweka vyote viwili: Forficula auricularia, kimkasi cha sikio.

Upande wa pili wapo walioangalia mkia wakaachana na sikio. Wahispania wanasema tijereta, Waitaliano forbicina, Wareno tesourinha, na yote hayo ni kamkasi. Wajapani wanasema hasamimushi, mdudu mkasi, sawasawa na dada wa Kihesa alivyosema. Wafini wanamwita pihtihäntä, mkia koleo. Waswidi wao wamehesabu tu: tvestjärt, mikia miwili.

Kwa nini sikio? Wengine wanasema ni kwa sababu ya hiyo hofu kwamba humwingia mtu aliyelala chini. Wengine wanasema ni umbo la bawa lake likikunjuliwa, linafanana na sikio la mtu. Na kuna jambo la zamani zaidi: Ulaya walikuwa wanamkausha na kumsaga unga, kisha wanautumia kama dawa ya uziwi na maradhi ya masikio. Ukiniuliza mimi, dawa ya sikio na hofu ya sikio zimelelewa nyumba moja, sijui nani alimzaa mwenzake.

#10 Kijana_wa_Mwanjelwa

Ana mabawa?? Mbona sijawahi kumwona anaruka.

#11 Mnyalukolo_Ughaibuni

Aina nyingi wanayo, mkuu, ila wengi wao ni wavivu wa kuruka. Mtazame mgongoni: utaona vifuniko viwili vifupi kama koti lililoishia kifuani, tumbo lote liko nje. Chini ya vifuniko hivyo ndipo bawa lilipokunjwa, kwanza kama feni ya kupepea mkaa, halafu likakunjwa tena juu ya mikunjo hiyo. Likifunguka linakuwa kubwa mara kumi na zaidi ya lilivyokuwa limefungwa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha ETH Zürich cha Uswisi na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walichapisha utafiti juu ya mkunjo huo tu, kwa sababu wahandisi wanataka kuuiga kwenye vifaa vya kukunja. Baadhi ya aina hutumia lile koleo kusaidia kukunja na kukunjua bawa.

Koleo lina kazi nyingine: kujikinga, kushika mawindo, madume kupigania jike. Kwa wengi dume lake limepinda kama mabano, la jike limenyooka. Mleta uzi, ukimpata tena mwangalie hapo, utajua kama ni bwana au bibi.

#12 Mwalimu_wa_Kiswahili

Habari za jioni. Mie ni mwalimu wa sekondari Njombe, na majina ndiyo ugonjwa wangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Tuanze kwa kuondoa makosa. Si tandu. Tandu ana miguu kwa makumi na anauma kwelikweli. Huyu ana miguu sita, ni mdudu kamili. Si mtoto wa nge pia. Nge ana miguu minane na mkia wenye mwiba na sumu. Huyu hana sumu wala mwiba. Akikerwa sana hutoa harufu kali, basi.

Yupo mmoja mnayeweza kumchanganya naye, na huyo msimguse: yule mwembamba wa mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye watu humwita mdudu wa Nairobi. Naye ana vifuniko vifupi mgongoni na tumbo limetokeza, na mvua zikinyesha huja kwenye taa. Ila hana koleo. Huyo hang'ati, lakini ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake yanaunguza na kutoa malengelenge. Mpulize, usimpige kofi. Nadhani baadhi ya hadithi mbaya za mdudu mkasi kazirithi kutoka kwa huyo.

Sasa jina. Kiswahili kina tabia ya kumwita mdudu kwa kile anachokifanya au anachofanana nacho. Kifauongo anajifanya amekufa, anafa kwa uongo. Kimulimuli anamulika. Mabwana shamba wakatupa mdudu kibibi, na jina limeshika. Kwa mantiki hiyo mdudu koleo ni jina zuri, na mdudu mkasi pia. Mimi napendelea koleo, sababu mkasi hukata na huyu hakati. Dada wa Kihesa katoa ushahidi wa jani la nyasi.

"Mdudu sikio" linanitia shaka. Wengi wetu tulilipata darasani, mwalimu akitafsiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande, na tafsiri ikaja na hofu yake ndani kama gunia la mahindi lililokuja na fukusi. Lakini tusijifanye wasafi. Vunjajungu tumemwitaje? Tulidai anayemgusa atavunja chungu atakachokishika baada ya hapo. Vyungu vingapi vimevunjwa na mikono ya watu, tukamtwika yeye?

#13 Mama_Kihesa

Mwalimu, nakataa. Mkasi ni mkasi hata ukiwa butu. Wa kwangu wa jikoni haukati hata uzi na bado naitwa nikauletee.

#14 Kijana_wa_Mwanjelwa

Huku gereji tumwite fundi plaizi tumalize.

#15 Uyole_Shambani

Nimekuja kwa ajili ya ndugu yetu wa Mbozi. KahawaMbozi, hiyo dawa iache stoo kwanza, tuongee.

Majani yaliyotoboka na uchafu kama unga wa mbao moyoni mwa mhindi ni alama ya kiwavijeshi vamizi. Aliingia Afrika mwaka 2016 upande wa Magharibi, mwaka 2017 akawa ameshafika kwetu. Mtafute: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za kisanduku. Huyo ndiye mwenye meno.

Mdudu koleo umemkuta palepale kwa sababu yupo kazini. Anakula mayai ya nondo na viwavi wangali wadogo, akishashiba analala humohumo kwenye uchafu, maana ni pembamba na kuna unyevu. Ni kama umemkuta mgambo eneo la wizi ukamfunga pingu yeye.

Brazil, ambako kiwavi huyu ni mwenyeji, kuna mdudu koleo anaitwa Doru luteipes, anajulikana siku nyingi kama mla mayai ya kiwavijeshi kwenye mahindi. Afrika yupo wetu, Diaperasticus erythrocephalus, jina linalomaanisha mwenye kichwa chekundu. Anakula mayai na viwavi wachanga wa bungua wa mabua, na tangu huyu mvamizi afike amekutwa akimla naye. Sasa ukipiga dawa kali shamba zima bila kukagua, unaua anayekusaidia, na kiwavi aliyejificha ndani kabisa ya moyo mara nyingi anabaki.

Usinielewe kwamba mdudu koleo ni malaika. Anakula kila kitu: wadudu, majani mateke, petali za maua, tunda lililokwisha pasuka. Mwenye bustani ya mboga akimlalamikia ana haki yake. Ila kwenye mahindi mimi simgusi.

#16 KahawaMbozi

Kwa hiyo mwaka jana niliua askari.

#17 Uyole_Shambani

Uliua na askari na wezi wachache. Kesho asubuhi ingia shambani kabla jua halijawaka, fungua mihindi ishirini sehemu tano tofauti, andika unachokikuta. Uamuzi wa dawa uje baada ya hapo.

#18 Mnyalukolo_Ughaibuni

Naongezea kwa Uyole. Huku wenye miti ya matufaa wananing'iniza vyungu vya maua kichwa chini kwenye matawi, ndani wamejaza nyasi kavu. Nilidhani ni uchawi. Kumbe ni nyumba ya wageni ya Ohrwurm: mchana analala humo, usiku anatoka kula vidukari kwenye mti. Ni muhimu chungu kiguse tawi au shina ili apate pa kupita. Huyohuyo wanayemwogopa kwa jina, wanamjengea nyumba.

#19 Njombe_Parachichi

Nina miche ya parachichi na kopo tupu za rangi zimejaa. Najaribu wikiendi hii.

Swali la pembeni: niliinua tofali nikamkuta mmoja kakaa juu ya mayai meupe madogo kama lulu. Nilivyomsogeza kwa kijiti hakukimbia, akarudi. Wadudu hawana desturi hiyo, au?

#20 Uyole_Shambani

Huyo ni mama. Wadudu wengi hutaga na kuondoka, yeye anabaki. Anayageuza mayai, anayalamba yasiote ukungu, na anafukuza kila kinachosogea. Mayai ukiyatenga naye huoza kwa ukungu. Wakitotolewa anakaa nao kwa muda, wakiwa weupe-weupe, hawana mabawa. Japani ipo aina moja, Anechura harmandi, ambayo mwishowe wanawe humla mama yao. Tofali ulirudishe taratibu.

#21 Njombe_Parachichi

Nililirudisha. Ila sasa nimehuzunika.

#22 SUA_Zamani

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyemtaja ndugu yao wa ajabu kuliko wote, naye anaishi Tanzania. Panya buku mnamjua, yule mkubwa, ndiye anayefunzwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya Magawa aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi ya Kambodia alikuwa wa ukoo huo. Kwenye manyoya ya panya buku kuna mdudu anaitwa Hemimerus, ni wa kundi hilihili la mdudu koleo, ila hana macho, hana mabawa, na badala ya koleo ana nyuzi mbili. Anakula magamba ya ngozi na ukungu wa panya, wala hamnyonyi damu. Na hatagi, anazaa watoto hai.

Yaani katika kundi lenye aina kama 2,000 duniani, anayeishi juu ya mwili wa mnyama hapa kwetu anamsafisha ngozi, na hana habari na sikio.

#23 Kijana_wa_Mwanjelwa

Kubwa kuliko wote lina ukubwa gani? Naulizia usalama wangu.

#24 SUA_Zamani

Lile la kisiwa cha Saint Helena, Labidura herculeana. Lilifikia milimita 84 pamoja na koleo. Mara ya mwisho kuonekana likiwa hai ni 1967, na mwaka 2014 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza kuwa limetoweka. Mawe waliyokuwa wakiishi chini yake yalichukuliwa kwa ujenzi, na panya na tandu walioletwa kutoka nje wakamaliza kazi. Lala salama.

#25 KahawaMbozi

Nimerudi, wakuu. Mihindi mia moja nimefungua, mgongo unauma. Viwavi wenye Y iliyopinduliwa nimekuta kwenye mihindi kumi na mmoja. Wadudu mkasi, au koleo, sitaki kesi na mwalimu, kwenye ishirini na sita. Kwenye mhindi mmoja nimemkuta ameshika kiwavi kidogo kwa ule mkia, anakitafuna upande wa kichwa. Nilisimama hapo hadi mke wangu akaniita mara mbili.

Viwavi nimewaponda kwa mkono. Dawa sijapiga. Nitarudia kukagua baada ya siku nne.

#26 Uyole_Shambani

Safi kabisa. Rudia baada ya tatu.

#27 Mwana_Igawilo

Mrejesho. Nilisoma majibu ya bibi mezani. Mke wangu akafurahi, mtoto akauliza kama yule mama wa tofali bado yupo Njombe. Jana usiku kalala bila pamba. Kofia amebaki nayo, lakini anasema hiyo ni ya baridi. Leo asubuhi nimemkuta nyuma ya nyumba anafunua magamba ya mgomba, anatafuta dume lenye mabano. Nyumbani jina limeshapita, ni mdudu koleo. Samahani dada wa Kihesa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nesi kasema vizuri. Lakini wewe uliyesoma, umewahi kulala chini shambani Kyela?" Nikamjibu hapana, mama. Akasema basi. Amesafiri leo, na kabla ya kupanda gari kaniachia kifurushi kipya cha pamba.

#28 Nesi_Mstaafu

Kipokee kwa mikono miwili. Pamba haikosi kazi ndani ya nyumba.

#29 Kijana_wa_Mwanjelwa

Picha bado.